Sauti ya Volti Mia na Tisini

Amplifaya ya Talib Mbarouk haikuwa na kasoro, na hilo ndilo lililomkera. Angekuta kapasita iliyovimba au waya uliolegea, angejua la kufanya. Lakini alikwishabadilisha kapasita zote za zamani, alikwishaagiza valvu mpya, zile chupa za kioo zinazokuza sauti, kutoka Dar es Salaam, alikwishasafisha kila mguu wa kila valvu kwa spiriti. Kila alipopima kwa mita, namba zililingana na za kwenye mchoro. Akichomeka gitaa, sauti ilitoka safi, ngumu, sawasawa, kama ubao uliopigwa randa. Haikuwa sauti aliyoitafuta.

Sauti hiyo aliwahi kuwa nayo. Enzi za bendi, amplifaya hiyo hiyo na gitaa hilo hilo vilitoa sauti iliyopasuka kidogo kwenye kingo. Ukigusa uzi polepole ilikuwa laini. Ukiupiga kwa nguvu, ilisinyaa kitambo kidogo, kisha ikavimba na kukaa hewani, na mkwaruzo ndani yake kama wa mtu aliyeamka sasa hivi. Haukuwa muujiza. Valvu zikitakiwa kutoa zaidi ya uwezo wake hukata vilele vya mawimbi, na sikio la binadamu hupenda namna zinavyovikata. Talib alifundisha fizikia Chake Chake hadi alipostaafu, na angeweza kuyachora mawimbi hayo ubaoni. Alichoshindwa ni kuyapata tena.

Bendi ilikwisha bila ugomvi. Mmanga, mpiga ngoma, alifariki. Haidar wa besi alikwenda Dubai, akaacha muziki kwa ajili ya dini, na akipiga simu huuliza afya tu. Masika, mwimbaji wao, aliolewa Maskati. Amplifaya ilibaki kwa Talib kwa sababu ilikuwa nzito na hakuna aliyetaka kuibeba. Mkewe, Nadhira, alipofariki, Talib alirudi Kengeja katika nyumba ya wazazi wake, nyumba ya mwisho kwenye laini ya umeme. Waya mwembamba ulitoka nguzo ya mwisho, ukavuka shamba la muhogo mpaka ukutani kwake. Watoto wake walikuwa Unguja. Walipiga simu siku za Ijumaa.

Mwezi wa Shaaban Masika alimtumia ujumbe wa sauti.

"Talib, yakhe, mzima weye? Nna nyimbo mpya. Suhaib, yule kijana wa studio Dar, keshaipanga yote. Kaniwekea gitaa la kompyuta. Nimemwambia toa hilo dude, gitaa la nyimbo hii liko Pemba. Lakini nataka ile sauti yetu ya ukumbini, si gitaa la mtihani wa skuli. Nyimbo anaifunga Idd pili. Ukikosa, ataliacha lile la kompyuta, na mie sina la kumwambia."

Talib aliusikiliza ujumbe mara nyingi kuliko ilivyohitajika kuelewa yaliyomo.

Wimbo ulikuwa na beti mbili. Katika kila ubeti Masika aliuliza kama mlango wa nyumba ungali wazi, kisha alinyamaza ili gitaa lipite. Talib alitunga sehemu yake kwa siku chache, akamsikilizisha Masika kwa simu. Katika ubeti wa kwanza gitaa lilipanda na kuishia juu, kwenye noti inayoning'inia. Katika ubeti wa pili lilipanda kwa njia ile ile, likafika kwenye noti ile ile, kisha likashuka mpaka noti ambayo wimbo wote umesimama juu yake. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake: kuulizwa mara mbili, na mara ya pili kujibu. Noti alikuwa nazo. Sauti ya kuzitoa ndiyo hakuwa nayo.

Alijaribu kwa kupandisha sauti. Amplifaya ya valvu ikifunguliwa mpaka mwisho hupasuka tu, hilo halina mjadala. Alasiri moja aliifungua mpaka mwisho. Kabla hajamaliza mstari wa kwanza, mlango ulipigwa kwa kiganja.

"Mwalimu! Unaua nyoka humo?"

Alikuwa Bi Kazija, jirani wa karibu, mjane mwenye ua mpana na sauti inayolingana nao.

"Natafuta sauti, Bi Kazija."

"Basi ishapatikana, maana hata Kojani wameisikia. Kuku wangu hawatagi."

"Kuku wako wote majogoo."

"Ndiyo sababu yenyewe! Umeshawageuza!" Alichungulia ndani, akaitazama amplifaya. "Na hilo lote ni la mtu mmoja?"

"La mtu mmoja."

"Haya. Shusha, mwanangu. Sheha akija hatakuchekea kama mie."

Aliishusha. Kwa kiwango ambacho majirani wangeweza kuvumilia, ilibaki ngumu.

Jibu lilikuja kwa kuharibika kwa kitu. Kisiwani, mtu akinunua friji au televisheni hununua na stabilaiza, kwa sababu umeme hupanda na kushuka na vyombo huungua. Talib alikuwa amefanya vivyo hivyo kwa amplifaya. Tangu arudi Kengeja hakuiwasha hata mara moja bila stabilaiza. Jioni moja, baada ya isha, stabilaiza ilitoa harufu ya plastiki na kufa. Aliichomeka amplifaya moja kwa moja ukutani, akapiga uzi mmoja ili kuhakikisha kwamba haikuungua nayo.

Alisimama. Akapiga tena.

Haikuwa sauti yenyewe, lakini ilikuwa jamaa yake wa karibu. Aliingiza mita kwenye soketi: volti mia mbili na sita. Asubuhi yake alipima tena, ikasoma mia mbili thelathini na moja, na sauti ilikuwa ubao tena. Alikaa na kalamu. Volti zikishuka, valvu hulishwa kidogo, zikawahi kujaa, zikakata mawimbi mapema, hata kwa sauti ya chini. Bendi yao ilipigia kumbi zenye jenereta chovu, zenye taa zilizofifia kila alipopiga kwa nguvu. Masika alikuwa akimlaumu kwa taa hizo. Kwa hesabu yake umeme wa kumbi hizo ulikuwa kama volti mia na tisini. Alikuwa ametumia miezi kuirekebisha amplifaya iliyokuwa nzima, na muda wote kosa lilikuwa kwamba aliupa umeme mzuri.

Mfungo ukaingia. Katika mwezi huo hakuna anayepiga muziki Kengeja, na Talib hakuwaza hata kuuliza. Alishika gitaa bila kulichomeka, mlango umefungwa, ili vidole visisahau. Jioni, watu wakifuturu pamoja na taa zote zikiwaka, yeye alikula tende, akasimama kando ya soketi na kusoma mita. Haikushuka chini ya mia mbili na mbili. Ilikuwa haitoshi. Lakini alijua saa itakayotosha, kwa sababu ni saa ambayo kila mtu kijijini hufanya jambo moja. Usiku wa kuamkia Idd, mwezi ukishatangazwa, kila nyumba hupiga pasi: kanzu, mabuibui, nguo za watoto, mpaka mapazia. Pasi moja hula umeme wa taa mia. Na yeye alikuwa mwisho wa laini, mahali ambapo umeme hufika ukiwa umeshapunguzwa na kila mtu.

Mwezi ulitangazwa. Watoto walipiga kelele barabarani. Talib aliswali isha msikitini, akarudi, akaizungushia amplifaya godoro ili sauti isitoke nje sana, akaweka simu juu ya kigoda mbele ya spika. Mita ilisoma mia na tisini na sita. Akasubiri. Mia na tisini na tatu. Taa yake ya chumbani ikapungua. Mia na tisini.

Akabonyeza simu irekodi, akapiga.

Ndiyo yenyewe. Uzi wa kwanza ulisinyaa, ukavimba, ukakaa. Alipouminya kwa kidole uliitikia kidole hicho. Aliupiga ubeti wa kwanza, noti ya juu ikaning'inia kama alivyotaka, na hakugusa chochote mpaka ilipokwisha yenyewe. Alihesabu mapigo ya kupisha sauti ya Masika. Akaanza wa pili. Alipanda. Alifika juu. Kabla hajashuka, taa ilizimika.

Amplifaya haikunyamaza papo hapo. Kapasita hubaki na chaji, kwa hiyo noti ya juu iliendelea kidogo gizani, ikizidi kuchakaa, kisha ikaisha.

Nje watu walianza kuitana.

"Fyuzi ya transfoma hiyo! Nimeisikia ikilia!"

"Transfoma gani? Mwalimu huyo! Gitaa lake limekula umeme!"

"Kanzu ya Mabruki iko nusu! Bega moja limepigwa, moja bado!"

Talib alitoka mpaka mlangoni. Bi Kazija alikuwa ameshafika, tochi ya simu mkononi, mkwewe Asma nyuma yake.

"Bi Kazija, amplifaya hii inakula kama taa kumi. Pasi yako peke yake..."

"Pasi yangu imeanza leo? Mwaka jana tulipiga pasi, umeme haukukatika. Mwaka jana hukupiga gitaa. Nijibu hapo, mwalimu wa hesabu."

"Fizikia."

"Na hiyo pia."

Talib alifikiri kwamba hoja yenyewe haikuwa ya kijinga. Ilikosa idadi ya kutosha ya miaka tu. Lakini Asma alikuwa ameshamvuta mama mkwe wake mkono: "Mama, mwache. Tuna pasi ya mkaa ukumbini. Twende kabla mkaa haujalala." Wakaenda. Baada ya muda mfupi watu walikusanyika uani kwa Bi Kazija, kila mmoja na nguo yake, wakisubiri zamu ya pasi moja. Talib aliwasikia wakicheka. Hakuna aliyemwita, wala hakuna aliyemkataza. Alifunga mlango, akamtumia Masika ubeti wa kwanza.

Jibu lilikuwepo asubuhi, alipotoka kuswali Idd.

"Talib! Ndiyo hii! Nimelia, wallahi, mume wangu kaniuliza nani kafa. Sasa sikiliza, Suhaib anasema ya pili usihangaike. Hii hii ataikata, aibandike na kule. Hakuna atakayejua."

Talib alitembea mpaka nyumbani kabla ya kujibu. Kitaalamu Suhaib alikuwa sawa: sauti ikishanaswa, huhitaji tena mtu aliyeitoa. Lakini ubeti wa kwanza ukibandikwa mahali pa wa pili, Masika atauliza mara mbili na mara zote mbili gitaa litaning'inia. Wimbo utaisha haujajibiwa, kwa sauti nzuri kabisa. Aliandika: "Ya pili si sawa na ya kwanza. Inashuka."

"Najua inashuka, nimeisikia ulivyonipigia kwenye simu. Basi iwe na sauti ile ile. Ikiwa tafauti ataikataa. Mpaka kesho asubuhi."

Mafundi wa umeme walikuja, fyuzi ikabadilishwa. Adhuhuri mita ilisoma mia mbili thelathini na mbili. Hakuna aliyepiga pasi siku ya Idd. Watu walikuwa wameshavaa.

Alikaa mbele ya soketi muda mrefu. Kisha aliutazama waya ulioingia kutoka shambani. Ulikuwa mwembamba na mrefu, na waya wa namna hiyo hupoteza volti wenyewe ukibebeshwa mzigo mzito. Kijiji kizima hakikuhitajika. Mzigo ungeweza kuwa ndani ya nyumba yake. Alipiga hesabu: pasi tatu. Yeye alikuwa na moja.

Aliingia uani kwa Bi Kazija amevaa kanzu, akatoa mkono wa Idd kwa wajukuu, akasema alilojia.

"Pasi?" alisema Bi Kazija. "Leo? Watu wamepiga jana, wakakatiziwa."

"Si ya nguo."

"Ya nini?"

"Ya gitaa."

Bi Kazija alimwangalia, kisha akapaza sauti kuelekea jikoni. "Asma! Njoo usikie! Mwalimu anakwenda kulipiga gitaa pasi!" Akamgeukia. "Kaa. Hutoki na pasi yangu na tumbo tupu. Mwaka wa ngapi huu hujakanyaga hapa sikukuu?"

Talib alijua ni wa ngapi, lakini aliona swali halikuulizwa kwa ajili ya namba. Alikaa, akala tambi na vileja, akanywa kahawa. Mabruki, jirani wa upande wa pili, alikuwa hapo hapo na kanzu yake yenye bega moja lililokunjamana. Aliposikia kisa alikwenda kuleta pasi ya kwake bila kuombwa.

"Nataka kuona umeme ukikatika mara ya pili," alisema. "Jana nilikuwa chooni."

Wakamfuata. Bi Kazija alisema pasi yake haiendi mahali peke yake.

Talib aliziwasha pasi tatu, akazisimamisha sakafuni, kila moja kwenye soketi yake. Mita ilishuka mpaka mia na tisini na moja. Alikaa, akaanza kupanda. Katikati, sauti ikarudia ugumu ghafla. Mita: mia mbili na tano. Kisha mia mbili na kumi na nane.

"Zimeshapata moto," alisema. "Pasi ikifikia joto lake hujizima. Zinatakiwa zisipate moto."

"Pasi isiyopata moto," alisema Mabruki. "Mwalimu, hiyo si pasi, ni jiwe."

"Zinatakiwa ziwe kazini. Kwenye kitu kibichi, ili kipoze."

"Si useme tupige nguo?" alisema Bi Kazija. "Lete nguo."

Nguo zake mwenyewe zilikuwa nyepesi, za kukauka kwa pasi moja. Zilizobaki nyumbani zilikuwa sandukuni: mashuka ya Nadhira, meupe, yenye darizi za mkono pembeni, ambayo hayakutumika tangu afariki. Talib alilitazama sanduku kidogo. Pamba nzito hushika maji vizuri, na hilo ndilo lililohitajika. Aliyatoa, akayachovya kwenye beseni, akayakamua nusu.

Walijipanga: Asma mezani, Bi Kazija kwenye mkeka, Mabruki kwenye kitanda kisicho na godoro, kila mmoja na shuka lake na pasi yake. Mvuke ukaanza kupanda.

"Msiseme kitu nikirekodi."

"Hata bismillahi?"

"Hiyo semeni sasa."

Wakasema. Mita ilishuka, ikatulia kwenye mia na tisini. Pasi zilinong'ona juu ya nguo mbichi, sauti ndogo ambayo simu isingeitofautisha na ya amplifaya yenyewe. Talib alipiga ubeti wa pili. Alipanda kwa njia ile ile ya jana, akafika juu, akaiacha noti ivimbe mpaka mwisho wake. Kisha akashuka, noti kwa noti, bila haraka, mpaka ile ya chini, na alipofika hakuondoa kidole. Ilikaa. Ilichakaa polepole. Aliacha hata kimya chake kirekodiwe.

"Basi," alisema.

"Ndiyo hiyo tu?" Bi Kazija alikuwa ameinua pasi hewani. "Hiyo ndiyo iliyokatia watu umeme?"

"Ndiyo hiyo."

"Fupi."

"Ndivyo ilivyo."

"Lakini mwisho wake umekaa," alisema, akarudi kwenye shuka, kwa sababu lilikuwa bado kidogo, na yeye hakuwa mtu wa kuacha nguo nusu. Wenzake nao wakamaliza. Walisubiri pasi zipoe, Mabruki akieleza atakayokula kiwanjani, kisha wakaondoka pamoja kwenda kwenye sikukuu. "Twende, mwalimu," Asma alisema akiwa ameshavuka kizingiti. Talib alijibu kwamba anasubiri ujumbe, na ilikuwa kweli.

Ujumbe ulikuja kabla ya magharibi. "Imekaa, Talib. Suhaib keshaifunga nyimbo, hakubadilisha kitu. Sikukuu njema, yakhe." Nyuma yake kulikuwa na sauti za watu na vyombo, nyumba yenye wageni. Aliusikiliza mara moja. Hapakuwa na swali ndani yake, kwa hiyo aliandika "Sikukuu njema" na kuweka simu chini.

Alizima amplifaya, akangoja valvu zipoteze wekundu wake, akairudisha ukutani. Akarudisha godoro kitandani. Mashuka yalikuwa yamekunjwa juu ya meza, yangali na joto katikati. Alifungua sanduku, akasimama mbele yake. Kisha alichukua shuka moja na, kwa kuwa lilikuwa limeshapigwa pasi, akalitandika.